Anime Zipimwe kwa Mizani Yetu

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, leo naleta hoja ambayo najua itawakera baadhi yenu. Mimi ni mkulima wa pamba wa Kasoli, wilayani Bariadi. Natunga tarbia na tathlitha, na usiku, kazi zikiisha, natazama anime, yaani katuni za Kijapani. Sitazami kwa kuibia. Ninazo zile ninazozipenda, zile nilizoziacha njiani, na zile ambazo nikiulizwa nitazitetea hadi jogoo awike. Wako wenzangu wanaosema kwamba mtu mzima aliyesoma tungo za Muyaka na za Shaaban Robert hana haja ya kukaa mbele ya katuni. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao.

Hoja yangu ni hii: anime ni utungo, na utungo tunajua kuupima. Tukizipima kwa vipimo vyetu wenyewe, tutajua ipi ni ushairi na ipi ni guni. Tukizidharau tu, tutawaacha vijana wetu wazitazame bila maneno ya kuzisemea, na hasara hiyo itakuwa ya Kiswahili.

Nianze na usiku mmoja wa mwaka 2014. Palikuwa na kibanda cha video, ukuta wa mabati, umeme wa sola, mabenchi ya mbao. Siku hiyo iliwekwa sehemu ya kwanza ya *Attack on Titan*, mfululizo ulioanza kuonyeshwa mwaka uliotangulia. Wahusika walizungumza Kijapani, na chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza, ambayo wengi wetu mle ndani hatukuweza kuyasoma kwa kasi yake. Kijana mwenye kibanda alisimama kando ya runinga akatafsiri kwa sauti, kwa mtindo tuliouzoea kutoka kwa Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya: hapa anatia chumvi, pale anatia utani, hapa anamwonya mhusika kana kwamba mhusika anamsikia.

Ikafika pale jitu linapovunja ukuta wa mji, na mama yake Eren, kijana mhusika mkuu, amenasa chini ya mbao za nyumba yake iliyobomoka. Jitu likamwinua mama kwa mkono mmoja. Mtafsiri wetu, ambaye muda wote alikuwa akiyaita "majitu", alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini neno moja tu: "Shing'weng'we."

Kibanda kizima kilitulia. Mzee mmoja, aliyekuwa amekaa mlangoni akisubiri simu yake ijae chaji, alinyanyuka akasogea aone vizuri.

Kwa wasiotoka Usukumani, Shing'weng'we ni zimwi la ngano zetu. Lilimeza watu wote na mifugo yote ya dunia, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya lundo la pumba. Nitarudi kwake baadaye. Kwa sasa nataka mtambue alichokifanya yule kijana. Hakutafsiri neno, alitafsiri hofu. Alitafuta katika ghala ya watu wake jina ambalo watazamaji walilijua tangu wakiwa mapajani mwa bibi zao. Tangu usiku ule nimeamini kwamba kazi hii inatuhusu sisi washairi kuliko tunavyotaka kukiri.

Sasa nitoe hukumu zangu, na nitatumia istilahi za darasa letu.

Kosa la kwanza ambalo sote tulikaripiwa tulipoanza kutunga ni kupachika maneno ya kujazia mizani. Mshororo umepungukiwa na mizani tatu, basi mtunzi anachomeka "jamani" au "hakika" ili hesabu itimie. Hili ndilo kosa la *Naruto*. Naipenda. Ni kisa cha yatima anayetengwa na kijiji chake kwa jambo ambalo hakulitenda, akaapa kuwa siku moja kijiji hichohicho kitamheshimu. Lakini mfululizo wake wa kwanza, ulioonyeshwa tangu 2002 hadi 2007, una sehemu 220, na karibu 80 za mwisho zimejaa visa ambavyo havimo katika kitabu cha Masashi Kishimoto. Viliwekwa kwa kuwa runinga ilikwenda kasi kuliko kalamu. Ule wa pili, wenye sehemu 500, una maradhi hayohayo. Anayetaka kumpenda Naruto namshauri aruke vijazo hivyo bila kuona haya, kama tunavyoruka beti dhaifu katika diwani ya mshairi tunayempenda.

*One Piece* ni utendi. Eiichiro Oda alianza kuichora mwaka 1997, runinga ikaipokea mwaka 1999, na sasa imevuka sehemu 1,000. Ina kila kitu cha utendi: shujaa mwenye kiapo, safari ndefu ya bahari, mashujaa wadogo wenye visa vyao, na maadui wanaogeuka kuwa ndugu. Watu wa pwani wangeipenda zaidi yetu sisi tunaoijua bahari kwa kusimuliwa. Kasoro yake ni ughani. Kwa miaka mingi runinga imekuwa ikikivuta kisa kama mghani anayerudia ubeti uliopita kabla ya kuimba mpya, huku nyuso zikikodolewa macho kwa dakika nzima. Utendi ni mzuri, mghani anachosha. Mwenye subira na akisome kitabu.

*Death Note* ina sehemu 37 tu, na ambaye hajaitazama airuke aya hii. Mwanafunzi mwenye akili nyingi anaokota daftari ambalo jina la mtu likiandikwa humo, mtu huyo hufa. Nusu yake ya kwanza ni malumbano ya hali ya juu kati ya kijana huyo, Light, na mpelelezi aitwaye L. Mmoja anafumba, mwingine anafumbua, na jibu la kila mmoja linabeba fumbo jipya. Kisha L anakufa katika sehemu ya 25, na waliobaki hawana uzito wa kujibizana na Light. Ninyi mmeshuhudia jambo hili kwenye mashindano: mpinzani mwenye uwezo akiondoka jukwaani, hata yule aliyebaki huanza kutunga vibaya.

Utoshelevu wa beti, yaani ubeti kujitosheleza kwa maana na kubaki kiungo cha shairi zima, nimeuona umetimia katika kazi mbili. Ya kwanza ni *Mushishi*, ya Yuki Urushibara. Mganga aitwaye Ginko anatembea kijiji hadi kijiji akitibu watu walioguswa na viumbe wasioonekana kwa macho ya kawaida. Kila sehemu ni kisa kamili. Hakuna vita, hakuna kelele, na mara nyingi hakuna hata ushindi. Mgonjwa anapona nusu, au anachagua kutopona. Hapa kwetu, ambapo bado wapo wazee wanaotambua mti kwa kunusa gome lake, Ginko si mgeni.

Ya pili ni *Fullmetal Alchemist: Brotherhood* ya mwaka 2009 hadi 2010, sehemu 64. Mwandishi wa kitabu chake, Hiromu Arakawa, ni mwanamke aliyekulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, na mimi mtoto wa wafugaji nilihisi hilo kabla sijaambiwa. Anajua kwamba kila kilichopo mezani kimegharimu uhai. Ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao kwa elimu ya siri. Mkubwa anapoteza mguu, kisha mkono. Mdogo anapoteza mwili wote, roho yake ikahifadhiwa ndani ya vazi la chuma. Sheria ya ulimwengu wao ni kwamba hupati kitu bila kutoa chenye thamani sawa nacho. Wahenga wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawa ndugu wanainama kwa sehemu 64, na mwishoni yule mkubwa anatoa elimu yake yenyewe ili mdogo wake arudi. Kwangu hii ndiyo anime iliyotungwa vizuri kuliko zote nilizotazama. Hakuna kina kilichopotea.

Nisiwe mtetezi kipofu. Zipo nyingi zisizofaa, zinazochora wanawake kwa kutamanisha tu, na zipo nyingine ambazo mashujaa wake hawana fikra yoyote zaidi ya kupiga kelele na kung'aa. Lakini diwani mbovu hazijawahi kutufanya tuuache ushairi.

Sasa nije kwa ile inayotuhusu sisi moja kwa moja. *Chihayafuru* ilianza kuonyeshwa mwaka 2011, kutoka katika kitabu cha Yuki Suetsugu. Ni kisa cha vijana wanaoshindana kwa mashairi. Si kutunga, bali kukumbuka. Mashairi ni 100 ya washairi 100, mkusanyo unaohusishwa na Fujiwara no Teika, mshairi aliyefariki mwaka 1241. Kadi 50 hulazwa sakafuni, 25 kila upande. Msomaji anaanza kughani mwanzo wa shairi, na wachezaji wawili wanawania kuipiga kwa mkono kadi yenye mwisho wake. Yako mashairi saba ambayo bingwa huyatambua kwa silabi ya kwanza tu. Fikirini, malenga: vijana wanatokwa jasho, wanalia, wanavimba vidole, kwa sababu ya mashairi yenye umri wa miaka mia nane na zaidi!

Mashairi hayo ni ya bahari waiitayo tanka. Hayana vina kama vyetu, lakini yana mizani: mishororo mitano yenye mapigo 5, 7, 5, 7 na 7, jumla 31. Nilipochunguza wanavyohesabu, nilicheka peke yangu. Sisi tunasema "mtu" lina mizani mbili, kwa kuwa ile "m" inasimama peke yake, na "nchi" vilevile. Nao Wajapani huihesabu "n" inayofunga silabi kuwa pigo kamili, hivi kwamba Nihon, jina la nchi yao, lina mapigo matatu: ni-ho-n. Sisi "kondoo" tunaipa mizani tatu kwa sababu ya irabu iliyorudiwa. Nao irabu ndefu huihesabu mara mbili. Watu wawili wasiojuana, mmoja upande huu wa bahari na mwingine upande ule, wanahesabu kwa vidole vilevile. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba maneno ya Kijapani yanaweza kukaa katika Kiswahili chetu kwa raha kuliko yanavyokaa katika Kiingereza.

Tena, katika *Chihayafuru* yumo kijana aitwaye Arata, aliyehamia Tokyo kutoka mkoa wa Fukui. Wenzake darasani wanamtenga kwa umaskini wake na kwa lahaja yake. Hazungumzi kama watu wa mji mkuu. Lakini kadi zinapolazwa sakafuni, hakuna anayemgusa. Sehemu hiyo niliitazama mara mbili mfululizo. Nilipokwenda kusoma mbali na nyumbani, nilichekwa kila nilipofungua mdomo, kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa na mdundo wa Kisukuma. Nilinyamaza muhula mzima. Niliyemshukuru baadaye ni ushairi, kwa sababu katika kughani mdundo ule uliochekwa ulikuwa mali. Sikuwahi kukiona kisa hicho katika filamu yoyote niliyotazama kabla yake. Nilikikuta katika katuni ya Kijapani, na wanaoniambia katuni ni za watoto sina la kuwajibu zaidi ya hilo.

Nirudi sasa kwa Shing'weng'we, maana nimewaacha njiani.

*Attack on Titan* ilikamilika mwaka 2023, miaka kumi baada ya kuanza. Kwa nusu ya kwanza nilidhani ni ngano yetu iliyovaa nguo nyingine. Majitu yanameza watu, na mtoto aliyempoteza mama anaapa kuyamaliza yote. Kisha hadithi inageuka. Majitu yalikuwa binadamu, tena wa taifa lake mwenyewe, waliogeuzwa kwa sindano na kuachwa watangetange. Nje ya kuta kuna mataifa yanayowachukia. Eren anakua, na yule aliyeapa kuyamaliza majitu anakuwa jitu kubwa kuliko yote. Anaikanyaga dunia, na asilimia 80 ya wanadamu wanaangamia. Mashabiki wamegombana sana juu ya mwisho huo. Mimi nasema swali lake ni kubwa na jibu lake ni dogo. Inauliza: mtu akishamshinda zimwi, anafanya nini na hasira iliyobaki? Kisha inatuonyesha hasira tu, na marafiki zake wanabaki kuokota mabaki.

Ngano yetu inauliza swali hilohilo. Mtoto wa yule mwanamke wa kwenye pumba aliitwa Masala Kulangwa. Kila siku alitoka kuwinda, akarudi na panzi, akauliza, "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we?" Mama akajibu, "La, mwanangu, huyo ni panzi." Akarudi na ndege, akarudi na paa, swali lilelile, jibu lilelile, kama kibwagizo. Hatimaye akalikuta lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima. Watoto wengi husimuliwa hadi hapo. Bibi yangu hakuishia hapo. Alisema kwamba katika kupasua, kisu cha Masala kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwamo tumboni. Watu wote wakashangilia. Yeye akatoka akivuja damu, amekasirika, anataka kulipiza. Na Masala, badala ya kusema "si nimekuokoa?", alikwenda kutafuta dawa ya sikio lile.

Nimetunga kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kukutana na kituo kinacholizidi lile sikio. Mkombozi ana deni kwa mmoja aliyemjeruhi akiwakomboa wengi. Eren hakulijua hilo. Na nikiri wazi: bila Eren, mimi nami nisingelikumbuka. Nililisikia nikiwa na miaka sita au saba, nikalisahau, hadi kijana wa kibandani alipolitaja lile jina mbele ya runinga.

Hapa ndipo hoja yangu inapofikia. Kishimoto alipowapa wahusika wake majina ya Jiraiya, Tsunade na Orochimaru, mwenye chura, mwenye konokono asiye na gamba na mwenye nyoka, hakuyabuni. Aliyachota katika kisa cha Kijapani cha karne ya 19. Suetsugu alichota katika mashairi ya kale. Nguvu ya anime haiko katika mwanga na mlipuko. Wachoraji hawa hawakukionea haya kisima cha kwao. Nasi kisima tunacho: Masala yumo, Bayeye wacheza na nyoka wamo, mashindano ya Bagika na Bagalu yamo. Lugha ya kuvipeleka vyote hivyo hadi Lamu na Bukavu tunayo.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. La kwanza, tusiwaachie watafsiri wa vibandani mzigo peke yao. Wanafanya kazi kubwa, lakini wengi wanabahatisha. Mshairi anayejua kulikaza wazo katika mizani nane ndiye anayefaa kuandika tafsiri inayopita chini ya picha kwa sekunde mbili. La pili, tukimkuta kijana anatazama, tukae naye kwanza ndipo tuhukumu.

Mpwa wangu, aliye kidato cha pili, alimaliza *Attack on Titan* wakati wa likizo, akaja kwangu amenuna. "Mjomba," akasema, "imeisha vibaya. Kwa nini sisi hatuna yetu?" Nikazima simu, nikamsimulia habari za panzi, ndege na paa. Alikuwa anaujua mwanzo. Alidhani kisa kinaishia tumbo linapopasuliwa. Nilipofika kwa bibi kizee na sikio lake, aliniinulia macho.

"Na dawa aliipata wapi?"

Nikamwambia kila bibi anasimulia kivyake, na kwamba ubeti huo bado haujatungwa. Amechukua daftari langu la hesabu za pamba. Hadi naandika haya hajalirudisha.